Tulivyokwenda Kumtoa Goreth Mlimani

Hapana, Goreth haelei hewani. Hapana, hajui unachowaza ukikaa mbele yake. Hapana, hatukusujudia sanamu, na aliyesema Mama alinyolewa nywele ni mwongo. Tangu turudi kwetu Bertrams sijashona hata suruali moja kwa utulivu. Kila anayeleta nguo anataka kwanza habari za mlimani, na Jumapili kwaya nzima ilinizunguka kana kwamba nimeshuka kutoka mwezini. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache na kazi yangu.

Kwa wasiotujua vizuri: sisi ni watu wa Rumonge, Burundi, kando ya ziwa. Wakati wa vita watu wenye bunduki walimchukua Baba, na hatukumwona tena, yeye wala mwili wake. Aliyewaonyesha nyumba yetu ni jirani aliyeitwa Nestor. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshaizoea Johannesburg, Mama alikwenda kwenye matanga mtaa wa Rosettenville akamkuta Nestor huyo huyo ameketi na sahani ya wali. Kumbe anaishi huko, anatengeneza friji. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikupata usingizi. Mama alinitaka nifanye kitu. "Deo, wewe ni mwanamume au ni cherehani?" Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Mdogo wangu Goreth alikuwa anasuka nywele Jeppestown, na Jumamosi anakwenda kuketi kimya na Wabudha fulani hapa mjini. Aliyasikiliza maneno ya Mama kwa miezi, kisha akatuaga. Akaenda kujifungia katika nyumba ya watawa kwenye milima ya KwaZulu-Natal, zaidi ya miaka mitatu, bila simu wala mgeni. Wabudha wa desturi ya Tibet ndivyo wafanyavyo wanapotaka kuzama kabisa. Mwaka huu tukapigiwa simu: mlango unafunguliwa, jamaa mnakaribishwa.

Mama alisema, "Tunakwenda kumtoa." Mimi sikuulizwa.

Kituo cha mabasi

Nilimwambia Mama achukue begi moja. Alichukua moja, kweli, ila lilikuwa la kubebea godoro. Ndani kulikuwa na ndagala wakavu, maharagwe, unga wa muhogo, kitenge cha Goreth, na mafuta ya mawese katika chupa ya soda iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki na sala.

"Huko ni kwa watawa, Mama. Hawali samaki."

"Ndiyo maana nawapelekea."

Basi lilipaswa kuondoka asubuhi. Saa ilifika, ikapita. Kijana wa dirishani akasema linakuja jasnau. Ninyi mnaoishi hapa mnajua neno hilo: maana yake ni wakati wowote kabla ya kiama. Tuliketi sakafuni hadi jua likaanza kuegemea magharibi. Mama alimsimulia kila aliyepita, kwa Kiswahili, kwamba binti yake amefungwa na watu wa sanamu. Mlinzi mmoja Mkongo alimwelewa, akatoa pole kwa dhati, akaniuliza kwa nini sijaenda polisi.

Basi, ukungu na gogo

Tulipoondoka, mafuta ya mawese yakaanza kuvuja. Yalishuka polepole kutoka juu tulipoweka begi, yakatua kwenye viatu vyeupe vya kijana wa kiti cha mbele. Eish. Niliomba radhi kwa Kiingereza, kwa Kizulu changu kibovu, na mwishowe kwa kuvifuta kwa shati langu. Dereva alisimama, akasema ama harufu ile ya samaki ishuke ama tushuke sisi. Ndagala wakahamishiwa kwenye buti. Mama akanuna hadi Harrismith.

Hapo Harrismith tukakwama. Njia ya kushukia bondeni ilikuwa imejaa ukungu, malori yamesimama mstari usio na mwisho, na dereva akazima injini. Nikanunua pap na soseji. Mama alionja pap akasema huo ni ugali ulioachwa na mtu aliyeitwa nje ghafla.

Pembeni yake alikaa bibi wa Kizulu, gogo kama wanavyowaita mabibi huko, mnene, mwenye blanketi mabegani. Waligawana chungwa, wakaanza kuzungumza, huyu Kirundi, yule Kizulu. Nilidhani watachoka. Hawakuchoka. Wao maji ni amanzi, sisi ni amazi. Nyama ni inyama kwa wote wawili. Mtu ni umuntu. Kwa maneno hayo matatu na mikono minne walijenga urafiki wa kunitia wivu.

Shida ni kwamba Mama alimweleza habari za Goreth. Binti yuko mlimani. Ana mwalimu. Amevaa nguo nyekundu. Anapiga ngoma ndogo. Haruhusiwi kuonana na watu mpaka siku ya kutolewa. Gogo alisikiliza, macho yakamng'aa, akapiga makofi.

"Hawu! Usangoma!"

Akanigeukia kunipongeza. Alikuwa ameelewa kwamba Goreth anahitimu uganga, maana wanafunzi wa uganga huko nao hukaa kwa mwalimu, huvaa nyekundu na hupiga ngoma. Nilijaribu kumrekebisha, lakini neno la Kizulu la Budha silijui, na sidhani kama lipo. Gogo alikuwa ameshaanza kumwagiza Mama: siku ya kutolewa haendi mtu mikono mitupu. Mbuzi ndiyo heshima, lakini mkikosa, walau kuku mweupe.

"Mama, si mambo ya Goreth hayo."

"Huyu ni mzazi mwenzangu," Mama akanijibu. "Wewe umezaa nani?"

Kuku mweupe, na mahali pasipo petu

Kwa hiyo tuliposhuka Pietermaritzburg, nikiwa sijalala na shati linanuka mawese, tulizunguka kutafuta kuku mweupe. Tulimpata. Alikuwa na hasira kuliko mimi. Tukapanda gari jingine hadi mji mdogo chini ya milima, naye akanidonoa njia nzima.

Pale mjini nilimpata mtu wa pikapu, nikamweleza kwa Kiingereza kwamba tunakwenda kwenye ile nyumba ya mafungo. "Sharp," akasema, "naijua." Alituteremsha penye lango zuri lenye bustani, bwawa na magari ya thamani, akaondoka. Mzungu mmoja mwenye kaptula akatoka mbio.

"Afadhali mmefika! Jikoni mlango wa nyuma!"

Nilimfuata ofisini kumuuliza watawa wako wapi. Ilichukua muda kuelewana. Mahali pale palikuwa hoteli ya wavuvi wa samaki wa mtoni, nayo ilijiita kwa neno lile lile la Kiingereza, retreat, na yeye alikuwa akingoja wapishi wawili. Tulipomaliza kuombana radhi nilikwenda nyuma kumchukua Mama. Nilimkuta amekunja mikono ya gauni, ameshaosha sufuria zote na anamfokea msichana wa jikoni kwa kupoteza mafuta.

"Watawa hawa ni wachafu," akaniambia. "Lakini si watu wabaya."

Yule mzungu, kwa aibu, alitupeleka mwenyewe kwa gari lake. Kuku akaketi mapajani mwangu.

Nje ya mawe meupe

Nyumba ya watawa ilikuwa majengo machache ya mawe chini ya mwamba, na nyuma yake ua mrefu usio na dirisha upande wetu. Kuuzunguka ua kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo ndipo mwisho wa mgeni.

Alitupokea Dada Dolma, mtawa mzaliwa wa Durban, kichwa kimenyolewa, mikono ya mkulima. Alipomwona kuku, machozi yakamlengalenga. Akamshika Mama mikono yote miwili, akaniomba nimtafsirie: kumleta kiumbe aliyekuwa akielekea kuchinjwa ili aachiwe huru ni zawadi kubwa kuliko zote kwao, na hakuna mgeni aliyewahi kufanya hivyo bila kuambiwa.

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa ameshaulizia kisu.

"Anasema asante," nikatafsiri.

Halafu Dolma akatupa habari nyingine. Mlango haufunguliwi mpaka mwalimu wao, mzee aliyetoka Nepal, afike. Mzee alikuwa njiani. Mto ulikuwa umefurika, gari lake liko ng'ambo.

"Atafika lini?"

"Maji yakipungua."

"Na maji yatapungua lini?"

Akatabasamu. Tabasamu lile lilinikera kuliko jasnau zote za Johannesburg.

Tukangoja. Mvua nyembamba, dengu asubuhi, dengu mchana. Kutoka nyuma ya ua tulisikia kengele ndogo na ngoma, na sauti za wanawake wakisoma pamoja. Siku ya kwanza Mama alisimama penye mawe akaita, "Goreth weee! Ni mama yako!" Sauti zikaendelea bila kukatika. Mama alirudi jikoni akaketi akitazama ukuta. Nilimwendea Dolma nikiwa nimechemka.

"Mzazi amesafiri mchana na usiku, binti yuko hatua chache tu. Ni dini gani hii?"

"Amekusikieni," Dolma akasema. "Unadhani kwake ni rahisi?"

"Na wanapata nini humo?"

Alikuwa anamenya viazi. Akanipa kisu nimsaidie, akaanza kusimulia. Alianza na Budha mwenyewe, aliyeacha nyumba ya kifalme, akahangaika miaka, mwishowe akaketi chini akiapa hataondoka hapo mpaka aujue mzizi wa mateso na namna ya kuukata, na akaujua. Mama akataka atafsiriwe kila neno.

"Alipoondoka alimwacha nani nyumbani?"

Nikauliza. Dolma akajibu kwamba alimwacha mke na mtoto mchanga.

"Na huyo ndiye mnamsifu?"

Dolma alicheka mpaka akaweka viazi chini. Akasema basi atatusimulia mwingine, mtu wa Tibet ya zamani ambaye wao wanampenda sana, kwa sababu alianza vibaya kuliko wote. Huyu baba yake alikufa, amiye akanyang'anya mali yote, mjane na watoto wakageuzwa watumwa katika nyumba yao wenyewe. Mama yake akauza kipande cha shamba, akampeleka kijana akajifunze uchawi. Akamwambia: ukirudi bila kutulipizia kisasi, nitajiua mbele ya macho yako. Kijana akajifunza. Siku ya harusi kwa ami, akaiangusha nyumba juu ya wageni. Mama yake akapanda juu ya paa, akapeperusha kitambaa, akiwatangazia majirani furaha yake.

Nilitafsiri kwa sauti inayozidi kupungua. Mama alikuwa ameacha kusonga unga.

Dolma hakuona. Akaendelea. Kijana alipoona wafu, majuto yakamla. Akamtafuta mwalimu amwonyeshe njia, na mwalimu akamtesa kwa kumjengesha nyumba za mawe peke yake, akimaliza anaambiwa bomoa, rudisha kila jiwe ulikolitoa. Mgongo ulioza vidonda. Ndipo akafundishwa, akaingia mapangoni, akaishi kwa kuchemsha upupu hadi ngozi ikawa ya kijani. Wanasema yule muuaji alifika, katika maisha yale yale, pale ambapo wengine hawafiki hata wakizaliwa mara nyingi. Hakuwa tena na adui yeyote moyoni.

"Na mama yake?" Mama akauliza.

Dolma akaacha kumenya. "Aliporudi kijijini alikuta nyumba imebomoka na mifupa ya mama yake ndani. Hakukuwa na mtu wa kumzika."

Mama aliweka mwiko chini. "Umemwambia nini mtawa huyu juu yangu?"

"Sijamwambia kitu, Mama! Naapa! Ni hadithi yao tu!"

Akatoka mvuani. Nilimfuata na mwavuli. Alikuwa amesimama penye mawe meupe, haiti mtu.

"Yule mama wa huko alikuwa na haki," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Walimnyang'anya kila kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini kufa peke yake namna ile..." Akaniambia mwavuli wangu unamwagia maji shingoni.

Mlango

Mzee wa Nepal alifika siku iliyofuata, amelowa hadi magoti, anachekacheka. Kumbe alivuka kwa trekta la mkulima. Walipiga pembe ndefu, wakaondoa mawe mawili, mlango ukafunguliwa, na wanawake wachache wakatoka wakikunja macho kwa mwanga. Wa tatu alikuwa Goreth. Mwembamba, nywele zimekatwa karibu na ngozi, zenye mvi ambazo hakuondoka nazo.

Mama alikuwa ameandaa hotuba. Nilimsikia akiifanyia mazoezi. Alichosema ni, "Umekonda! Wanakulisha nini hawa?"

Goreth akacheka, akalia, akamwangukia kifuani. Mimi nilisimama na begi la ndagala kama mchukuzi. Kisha mzee akamsomea kuku maneno marefu, akamnyunyizia maji, akamwachia kwenye bustani ya kabichi, huku Mama akinong'ona, "Nauli yangu yote hii!"

Mchana tulikula sisi watatu, nyuma ya jiko. Nikamuuliza nilichokuwa nimebeba tangu Bertrams.

"Haya, umepata nini?"

"Mwanzoni nilipata hasira," Goreth akasema. "Kisha usingizi. Kisha nikawachukia wenzangu kwa namna wanavyotafuna. Waliofika kweli ni wachache, Kaka, hata zamani. Mimi si mmoja wao."

"Miaka yote hiyo!"

"Ndiyo. Ila kila asubuhi tunatakiwa kuwatakia watu heri, mmoja mmoja, kwa majina. Nilimtaja Baba. Nikamtaja Mama, nikakutaja wewe. Halafu nikamtaja Nestor."

Mama aliisukuma sahani ikaanguka. "Umemweka mtu huyo kinywa kimoja na baba yako?"

"Alikuwa ananikwama kooni, Mama. Siku nyingine nilitoka kwenda kutapika."

"Ungetapika zaidi!"

Nilifunga macho. Safari nzima ile, ukungu, mafuta, mto, na sasa tumerudi pale pale jikoni kwetu, matusi yale yale. Goreth hakubishana. Aliokota wali kwa vidole, akaurudisha kwenye sahani, akauliza kwa upole, "Mama, ukisimama mbele ya Nestor, unataka nini kwake?"

"Nataka anirudishie mume wangu!"

"Na hilo haliwezekani."

Mama aliivuta sahani karibu tena. "Basi aniambie alipo," akasema. "Hilo tu. Aniambie walimlaza wapi."

Mimi ni mtoto wake mkubwa. Nimeishi naye maisha yangu yote. Nilidhani anataka damu.

Kurudi, na Rosettenville

Goreth alirudi nasi, na basi lilichelewa tena, sitawachosha. Siku chache baada ya kufika alisema anakwenda kwa Nestor. Mama akajifunga kitambaa. Nikawafuata, nimejiandaa kwa lolote, maana polisi wakija ni mimi watakayeniuliza.

Duka lake ni uchochoro uliojaa friji zisizo na milango. Amezeeka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya moja, bisibisi mkononi, na alipotuona hakuinuka.

"Amahoro, Mzee," Goreth akamsalimu.

"Mama Deo," Nestor akasema, akimtazama Mama. "Nilijua ipo siku. Walimshika mwanangu shingoni, Mama Deo. Wakasema nichague nyumba..."

"Sijakuuliza kwa nini." Sauti ya Mama ilikuwa kavu. "Nimekuja kuuliza wapi."

Nestor aliinamisha kichwa. Alianza kusema kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Juu ya mashamba ya michikichi, ukiacha barabara ya lami. Kijito. Kuna jiwe kubwa lililopasuka. Yeye na wenzake wawili walilazimishwa kuchimba. Walimfunika vizuri, akasema, hawakumwachia mbwa.

"Kichwa mlikielekeza wapi?"

"Ziwani."

Mama alishikilia friji. Goreth alimshika upande mmoja, nami upande wa pili. Mama hakumpa Nestor mkono. Tulipofika barabarani akasema, "Sijamsamehe. Mtu yeyote asiseme nimemsamehe." Goreth akasema, "Hakuna atakayesema." Tukangoja robot, yaani taa ya barabarani, igeuke kijani, tukavuka.

Mjomba wetu wa Rumonge alikwenda. Akapiga simu: kijito kipo, jiwe lililopasuka lipo. Mama aliomba aweke msalaba na achome udi, kwa kuwa Goreth alikuwa ameomba udi, na Mama akasema udi kidogo hautamdhuru mtu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Goreth anasuka nywele Jeppestown na wakati wowote anaweza kurudi mlimani. Mwulizeni mwenyewe, msiniulize mimi. Lakini kuna jambo ambalo ninyi wa kwaya hamkuliuliza, nalo lilitokea mbele yenu. Miaka yote hii Mama alikuwa akimkemea mtu yeyote anayemwita Baba marehemu. Jumapili ile, wakati wa maombi, alisimama peke yake, akashika kiti cha mbele, akasema, "Naomba mmwombee mume wangu, marehemu Gaspard." Nanyi mkaitikia amina, mkaendelea na wimbo.